Zamu za Maji, Wiki ya Vikope

Agosti 2006 kambi ya upasuaji wa vikope, ugonjwa wa macho uitwao pia trakoma, iliwekwa kwenye kanisa letu, kijiji kimoja wilayani Kongwa, Dodoma. Watu husimulia kambi kama hizo kwa kuanzia na kisu. Kwetu kisu hakikuwa tatizo. Muuguzi aliyefunzwa upasuaji ule humaliza jicho moja kwa dakika kama ishirini, na walikuja wauguzi wawili. Kilichokosekana siku ya kwanza ni wagonjwa.

Majina ya wagonjwa yalikuwa yamesomwa kwenye matangazo ya ibada Jumapili mbili mfululizo. Hata hivyo asubuhi ile walifika watu wasiojaza benchi moja. Kwa haraka ungesema ni woga, au ujinga, na mmoja wa wageni alilisema neno hilo. Lakini hakuna mtu wa Kongwa asiyeyajua macho. Watafiti wamekuwa wakipindua kope za watoto wa wilaya hii tangu miaka ya 1980. Kila mama alijua ugonjwa unavyopita: kwa vidole, kwa kanga moja inayofuta nyuso za watoto watatu, kwa nzi anayetua kwenye tongotongo. Alijua pia kwamba ukirudi mara nyingi utotoni, kope la juu hufanya kovu kwa ndani, kovu linasinyaa, ukingo unapinda, na nywele zinakwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Wanaofikia hapo ni wanawake zaidi, kwa sababu wao ndio wanaolea watoto.

Katekista wetu, ambaye wote tulimwita Mwalimu, hakurudia tangazo. Mchana ule alituketisha chini ya mbuyu akasoma habari za Bartimayo, Marko sura ya 10, akasimama kwenye mstari wa 51: "Wataka nikufanyie nini?" Kisha akatugawa wawili wawili twende nyumba kwa nyumba na swali hilohilo, na akakataza kumtajia mtu upasuaji kabla hajajibu.

Majibu yalifanana. Uwele umevunwa, haujapurwa. Maji yako kwenye visima vya mchangani, mtoni, na bibi ndiye anayeyafuata na punda. Mbuzi wana nani? Wajukuu watapikiwa na nani? Kope la mtu mzima lingeweza kungoja mwaka mwingine, uwele usingengoja.

Basi jioni ikaandikwa zamu. Kila mgonjwa alipewa nyumba mbili za jirani, na kazi zikatajwa kwa kipimo, maana ahadi ya "tutakusaidia" haichoti maji: madumu mawili ya lita 20 kwa siku, chakula cha jioni, mbuzi kutolewa na kurudishwa zizini, uwele kupurwa hadi kupepetwa. Siku nane, mpaka nyuzi za mshono zitolewe. Hatukuuliza mtu anasali wapi. Bibi wawili walikuwa Waislamu, na zamu zao zilishikwa na kina mama wa kwaya.

Kesho yake benchi zilijaa.

Kanisa lenyewe lilihitaji kazi. Sakafu ya udongo ilinyunyiziwa maji alfajiri, madirisha yakazibwa kwa mashuka, na upasuaji ukafanywa asubuhi tu, kwa kuwa upepo wa Agosti huamka baada ya saa sita na hauachi kitu bila vumbi. Benchi mbili zilifungwa pamoja kuwa kitanda, zikainuliwa kwa matofali ili muuguzi aliyeketi asipinde mgongo. Vyombo vilichemshwa kwa mvuke wa presha juu ya jiko la mkaa, dakika zikihesabiwa tangu presha ifike kiwango chake, si tangu moto uwashwe. Anayekosea hapo huwa anakosea hesabu hiyo. Kosa la pili ni kufunika vifurushi vikiwa bado na unyevu. Kitambaa kilicholowa hakizuii uchafu kupenya tena.

Jambo moja lingetuharibia siku. Watu walikuwa wamesikia kwamba anayepasuliwa hali chakula, wakaja na njaa. Hiyo ni kwa ganzi ya kulala. Hapa sindano ya ganzi, mililita tatu hadi nne, huchomwa kwenye kope tu, na mzee mwenye njaa aliyetembea saa mbili huzimia kwa kuiona sindano. Mmoja alizimia kweli. Tangu hapo kila mtu alipewa kikombe cha uji wa uwele kabla ya kulala kitandani.

Mkato hupita kwenye kope la juu milimita tatu kutoka ukingoni, sambamba na ukingo. Kisha ukingo unageuzwa nje na kushikwa kwa nyuzi tatu za hariri. Mkato ukiwa mfupi, nywele za pembeni hubaki zimeangalia ndani. Nyuzi zikilegea, kope hurudi lilikokuwa. Hata kwa mkono mzuri, wapo ambao nywele hurudi baada ya mwaka au miwili, na ni heri waambiwe mapema kuliko wadhani wamerogwa.

Jicho hupakwa mafuta ya tetrasaiklini, dawa ya kuua vijidudu, na kufungwa hadi kesho yake. Waliopasuliwa yote mawili walilala kanisani kwenye mikeka, kila mmoja na mtu wa kumshika mkono usiku akitaka kutoka. Kazi hii haipigwi picha, na ndiyo iliyohitaji watu wengi kuliko zote.

Zamu moja ilivunjika. Nyumba iliyopewa kupura haikutokea, na siku ya tatu mama mwenyewe akashika fimbo akaanza kupiga masuke. Makapi ya uwele ni membamba na yanachoma. Jioni kope lilikuwa limevimba, linatoa usaha. Muuguzi alilisafisha, akaongeza dawa, likapona, lakini Mwalimu alihamishia zamu ile kwa vijana na yeye mwenyewe akaenda kupepeta. Siku ya nane wauguzi walirudi kutoa nyuzi. Hariri haiyeyuki, ikiachwa huota kinyama na usaha, hivyo orodha ya zamu ndiyo iliyotumika kuwatafuta waliokuwa hawajafika.

Amebaki bibi mmoja wa kumsimulia. Tulimwamkia "Mbukwenyi," akaitika vizuri, tukamuuliza anataka tumfanyie nini.

"Jicho nimelizoea, wajukuu zangu. Kihenge changu kimeliwa na mchwa. Uwele nitauweka wapi?"

Alikuwa na nywele chache tu zilizogeuka, akizing'oa kwa kibano cha kienyeji chenye meno makali. Kibano hicho hukata nywele badala ya kuing'oa, na kisiki kinachobaki hukwaruza kuliko nywele yenyewe. Upasuaji aliukataa mara zote, na hakusukumwa. Vijana walimtengenezea kihenge kipya kwa fito, wakakikandika udongo na kukiinua juu ya mawe ili mchwa aonekane akipanda. Muuguzi alimwachia kibano chenye ncha laini, akamfundisha mjukuu wake wa kike, aliyekuwa darasa la tano: simama penye mwanga wa jua, shika nywele karibu na shina, vuta polepole kufuata ilikoelekea, na nawa mikono kabla na baada. Mzee mmoja wa kanisa alitaka jina la bibi lifutwe kwenye zamu za maji kwa kuwa hakupasuliwa. Mwalimu aliliacha palepale, na maji yalipelekwa hadi mvua za Desemba.