Tumbo Lililoachwa Wazi

Wakati wa kurina asali, thieta yetu pale Tabora ilizoea kupokea watu walioanguka mitini. Lakini kijana mmoja mrina asali alikuwa amekutana na nyati kwenye pori la upande wa Sikonge. Pembe iliingia chini ya mbavu za kushoto ikashuka ikichana ngozi na misuli hadi karibu na nyonga.

Kaka yake ndiye aliyemleta, na hadi leo namheshimu mtu yule. Hakujaribu kurudisha ndani utumbo uliotoka nje. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akalowesha kanga safi akaufunika, kisha akafunga kitambaa kingine juu yake bila kukaza. Njia nzima alikuwa akiinyunyizia ile kanga maji isikauke. Utumbo ukikauka unakufa. Ukisukumwa ndani, unaingia na uchafu wote wa porini.

Tulimpa damu, dawa za vijidudu na sindano ya pepopunda. Daktari aliupitisha utumbo mdogo wote vidoleni, kipande kwa kipande. Alikuta matundu mawili yaliyokaribiana, akakata sehemu hiyo na kuunganisha. Kisha tukaosha kwa maji ya chumvi, chupa baada ya chupa, huku tukitoa majani, udongo na nyuzi za shati. Misuli ndiyo iliyotuchelewesha. Aliibana kwa koleo: inayoshtuka na kutoa damu aliiacha, iliyolala kimya aliikata. Alipomaliza, pengo lililobaki halikuweza kufunikwa kwa viganja vyangu viwili.

Nilikuwa nimeshaandaa uzi mnene. Daktari alivuta kingo mara moja tu, na mtu wa usingizi akasema hewa inaingia kwa shida. Akaziachia. "Tukilazimisha kufunga, utumbo utavimba humo ndani, presha ya tumbo itapanda, na figo zitasimama kabla ya asubuhi. Nipe mfuko wa dripu."

Tuliupasua mfuko mtupu uliotakaswa, tukautandaza, akaushona kwenye kingo za ngozi kuzunguka jeraha. Kwenye plastiki ile tuliuona utumbo ukicheza. Baadaye alinieleza kwamba njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1984, kwa daktari Oswaldo Borráez, naye alitumia mfuko wa dripu vilevile. Nilifarijika mno kusikia kwamba mbinu hii imezaliwa katika hospitali yenye uhaba kama yetu.

Kazi ngumu ilikuwa kwa mama yake. Asubuhi aliingia wodini, akainua shuka, akanishika mkono. "Sista, mbona naona matumbo ya mwanangu? Mmeshindwa?"

"Shikamoo mama. Hatujashindwa. Tumbo limevimba, likifungwa sasa litamnyima pumzi. Tumeliacha makusudi, keshokutwa tunaingia tena kuosha."

"Kwa hiyo mnangoja lipungue?"

"Ndiyo mama. Tazama huu mfuko wa mkojo. Maadamu unajaa, figo zake zinafanya kazi."

Tangu hapo akawa mlinzi wa mfuko ule kuliko sisi wote. Kila nilipopita aliniambia umefika mstari gani. Kumweleza ndugu, kwa maoni yangu, ni sehemu ya matibabu kama dripu yenyewe. Mama asiyeelewa humchukua mgonjwa wake akaenda naye kwa mganga.

Tulimrudisha thieta mara kadhaa, kila safari tukitoa nyama iliyokufa na kubadili ule mfuko wa dripu uliofunika tumbo. Uvimbe ulipopungua, kingo zilisogea lakini hazikukutana. Tukangoja nyama nyekundu iote juu ya utumbo, kisha daktari akachuna ngozi nyembamba ya paja na kuipandikiza hapo. Kijana aliondoka na ngiri kubwa, yaani utumbo kuchomoza chini ya ngozi pasipo misuli, tuliyoijua na kuikubali, na mkanda mpana wa kuishikilia.

Mwaka uliofuata, makovu yalipolainika, alifanyiwa ukarabati katika hospitali ya rufaa Mwanza. Upande wa kulia, ambao pembe haikuugusa, walitenganisha tabaka la nje la misuli ili la ndani lisogee katikati, na upande ulioharibika wakaweka wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo. Alipita kutusalimia akitokea huko, akiwa na mama yake. Kupanda miti amemwachia kaka yake. Yeye sasa anahudumia mizinga ya kisasa, ile inayokaa kwenye vichanja vya kimo cha kiuno.