Mkono Uliogusa Mshipi

Nimerudi kutoka Mtwapa na chumvi bado masikioni. Mwili umechoka, ila usingizi hauji, basi nimekaa barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, na kipande cha mshipi. Nafunga fundo, nalilowesha mate ili lisijichome likikazwa, nalivuta, nalikata, naanza upya.

Wadogo zangu wa mtaani wananiuliza kila wiki: uvuvi wa mashindano ni kazi kweli? Baba naye hajawahi kuelewa. Yeye na ami wamerambaza nguru na jodari tangu ujana wao, mshipi umezungushwa kidoleni. Kwao samaki huenda sokoni au chunguni. Kumvua sulisuli, yule samaki mkubwa wa pua ndefu, kumpachika kitambulisho kisha kumwachia aende zake, baba anaona ni kuitukana riziki. Nimemweleza kwamba samaki yule akivuliwa tena mahali pengine, watu wa African Billfish Foundation kule Watamu, wanaofuatilia safari za samaki hao, watajua ametembea kutoka wapi hadi wapi. Alinyamaza, akaendelea kushona wavu.

Kazi yenyewe nimeijua siku niliyoharibu. Ilikuwa Disemba ya mwaka juzi, kaskazi imetulia, mgeni wetu aliyelipia boti amenasa sulisuli, na samaki keshapaa juu ya maji mara tatu. Mshipi ukaja kuikaribia injini. Nikanyosha mkono, nikauinua kwa vidole viwili, nikauachia. Basi. Nahodha aliniona. Shindano lile lilifuata kanuni za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa mchezo kilichoanzishwa 1939: mtu mwingine akigusa rodi (fimbo ya kuvulia), rili (gurudumu la mshipi) au mshipi wakati wa pambano, samaki hahesabiwi. Anachoruhusiwa baharia kushika ni ule waya wa mwisho tu, samaki akishafika ubavuni. Nahodha alichukua redio akatangaza kosa mwenyewe, ingawa hakuna boti nyingine iliyokuwa imetuona. Mgeni hakunitukana. Alimaliza pambano lake, mikono ikimtetemeka, akaketi akaangalia bahari mpaka tukaingia mlangoni mwa bandari.

Kwa hiyo mdogo wangu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze ubaharia kwenye boti za wageni, Mtwapa, Kilifi, Watamu au Shimoni. Ataosha rodi kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni. Atashona vibua vya chambo mpaka viogelee wima nyuma ya boti, maana kibua kinachozunguka husokota mshipi na samaki hakiamini. Atajifunza kuwatazama ndege. Kusi likianza boti nyingi hupandishwa na mshahara hukatika, na miezi ile lazima awe na kazi nyingine. Mimi hupaka rangi na kuziba mashua.

Linaloniuma ni ngazi. Marekani kijana huanza chuoni. Jordan Lee alivulia timu ya Chuo Kikuu cha Auburn, kisha akashinda Bassmaster Classic, shindano kubwa la uvuvi kule, 2017 na 2018, na zawadi ya mshindi ilikuwa dola 300,000. Samaki wenyewe ni wa ziwani, wadogo kwa sulisuli wetu, lakini kijana yule alishika rodi yake mwenyewe tangu mwanzo. Huku kwetu anayejua mwamba, mkondo na saa ya samaki kula ni baharia, na anayeandikwa jina ni aliyelipia kiti. Siwaonei wageni wivu, wao ndio wanaotulipa. Nataka tu shule moja ya kisiwani hapa iwe na rodi mbili na mwalimu anayezijua kanuni.

Leo tulipokuwa tukifunga boti nahodha aliniita.

"Mwanangu, Jumamosi kuna kiti kimebaki. Ile timu imepungukiwa mtu."

"Nitakuja mapema kutayarisha chambo, nahodha."

"Chambo atatayarisha mwengine. Rodi ya kushoto ni yako. Mshipi wa kilo 15."

Kilo 15 ndiyo nguvu inayoukata mshipi ule, na sulisuli mwenye hasira huweza kuifikia. Ukibana rili kidogo kupita kiasi, umekwenda. Na hakuna atakayeweza kuninyoshea mkono.

Mama ametoka mara ya pili kuniambia wali unapoa. Fundo la mwisho limeteleza nilipolivuta, nimelikata. Nalowesha jingine.