Sifuri ya Micheweni

Juzi binti yangu alikuwa mezani anajaza fomu ya mkopo wa chuo. Akanyanyua kichwa: "Mama, mapato ya kaya kwa mwezi, niandike ngapi?"

Sikumjibu. Swali hilo nimewahi kulibeba mkobani nikizunguka nalo Micheweni, kaskazini mwa Pemba, nyumba kwa nyumba, mwaka ule nilipokuwa nikijaza madodoso ya utafiti wa kaya.

Mpango ulipendeza kwenye karatasi: kaya nane kwa siku, kuanzia saa tatu asubuhi, aulizwe mkuu wa kaya. Aliyeupanga alitazama kalenda ya ukutani, mwezi wa mbinguni hakuutazama. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwetu siku hizo maji hupwa kabisa saa nne, saa tano za asubuhi. Ndiyo saa ya kulima mwani, mmea wa baharini. Wanawake wote wako pwani, na ukipiga hodi anayekujibu ni mume. Basi wiki nzima tulikusanya takwimu za mwani kutoka kwa watu ambao hawajapata kufunga hata taitai moja, ule uzi wa kushikizia mwani kwenye kamba.

Mmoja wao nilimkuta barazani anatengeneza jarife, wavu wa kuvulia. "Mwani?" akasema bila kuinua macho. "Vijisenti vya kina mama hivyo. We andika elfu ishirini." Nikaandika.

Sehemu ya afya ya watoto ilimtaka mama mwenyewe, kwa hiyo kesho yake nikateremka pwani, sketi nimeipandisha magotini, dodoso ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimkuta mkewe ameinama, maji hayajafika magoti, fungu la taitai kalibana kwa meno. Upepo wa usiku ulikuwa umeng'oa mbegu, naye anarudishia. Kamba ya pima mbili na kitu imewambwa baina ya vigingi viwili. Anamega mbegu ya ukubwa wa ngumi, anaipitishia taitai, fundo moja, anaacha shubiri, anafunga nyingine. Fundo likikazwa sana linaukata mwani, likilegea wimbi linauchukua. Vidole vyake havikusubiri macho.

"Shika huku, mwanangu," akanipa ncha ya kamba. Nikashika. Nikauliza swali kama lilivyochapwa: katika siku 30 zilizopita, umepata shilingi ngapi kwa mwani?

Akatoa taitai mdomoni. "Siku 30 zipi? Mie nahesabu bamvua."

Tukahesabu pamoja. Mwani hukaa majini kama wiki sita, yaani bamvua tatu, ndipo uvunwe, uanikwe siku mbili tatu, usubiri mnunuzi. Mara ya mwisho kuuza ilikuwa siku 31 nyuma. Siku moja tu nje ya dirisha la dodoso.

"Basi niulize kamba," akasema, kama anayemwonea huruma mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa na kamba 200. Kamba ikijaliwa hutoa kilo moja kavu, ambayo mbichi ni kilo saba au nane. Joto la kaskazi likiupiga, ukafanya weupe na kukatika, unapata nusu. Mara ile ya mwisho alipata kilo 180, kwa mia nne kilo. Nikazidisha pembeni ya karatasi: 72,000 kwa wiki sita, sawa na 48,000 kwa mwezi.

Nikamwambia, nadhani kwa ujinga, kwamba bwana alisema elfu ishirini.

Alicheka mpaka akakaa majini. "Hiyo ndiyo anayoijua. Akijua zote, unga atanunua nani?"

Nafasi ya hilo haikuwemo kwenye dodoso. Kulisha nyumba ni juu ya mume, na chumo la mke ni lake. Kikiongezeka kinachoonekana mkononi mwa mke, masurufu huanza kupungua, taratibu, bila ugomvi. Wachumi wengi walikuwa wakiihesabu kaya kama mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Mchumi Christopher Udry mwaka 1996 alichapisha uchambuzi wa mashamba ya Burkina Faso: nyumba moja, zao moja, mwaka mmoja, na bado shamba la mke lilitoa mavuno machache kwa eka kuliko la mume, maana samadi karibu yote ilimwagwa kwa mume. Wangeigawa tu, nyumba nzima ingevuna zaidi. Hawakuigawa. Niliyasoma hayo baadaye sana, na kila nikiyasoma nasikia kicheko cha pwani.

Jioni nilikuwa na tarakimu tatu za mwani mmoja: 20,000 ya barazani, 48,000 ya kamba, na sifuri ya siku 30. Msimamizi wangu hakusita. Swali ni la siku 30, jibu ni sifuri, na yeye mwenyewe atarudi kuhakiki kwa mkuu wa kaya, amsomee majibu yote.

Amsomee yote. Nikafuta elfu ishirini, nikaandika sifuri.

Ningekuwa mimi wa kupanga, ningeuliza idadi ya kamba na tarehe ya mauzo ya mwisho, ningemuuliza mke peke yake, na ratiba ningeifuata maji. Lakini hata hivyo 48,000 ile ingesomwa barazani. Sifuri ile ni uongo, ipo kwenye jedwali la mtu mpaka leo, imeifanya nyumba ile maskini kuliko ilivyo. Sijawahi kuijutia sawasawa, wala kujivunia.

Siku ile pwani, maji yalipoanza kujaa, yule mama alinirudishia swali: "Na wewe, mumeo anaujua mshahara wako?"

Binti yangu alikuwa bado ameshika kalamu. Nikamwambia akamuulize baba yake.