Kampa ya kuta ngumu kwenye pikapu: nilianza na mizani

Naishi Kent, kusini ya Seattle katika jimbo la Washington, na kazi yangu ni kuendesha malori. Kabla ya kuhamia Marekani nilikuwa naendesha semi kati ya Dar es Salaam na Tunduma, kwa hiyo mizani ya Mikese na ya Makambako naifahamu vizuri. Nataja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoniongoza nilipotafuta kampa ya kuta ngumu ya kupandisha kwenye pikapu yangu. Watu wengi huanza kwa kutazama vitanda na mapazia. Mimi nilianza na uzito, na mpaka leo naamini hakuna pengine pa kuanzia.

Kwa ambaye hajaiona: kampa ya aina hii ni chumba kizima chenye kitanda, jiko, friji, meza na choo, kinachokaa ndani ya bodi ya pikapu. Sehemu yake ya mbele hupita juu ya kabini ya dereva, na huko ndiko kitanda kilipo. Haina magurudumu. Ukirudi safari unaiinua kwa jeki nne zilizo kwenye pembe zake, unatoa pikapu chini yake, na Jumatatu pikapu inaendelea na shughuli za kawaida. Hilo peke yake lilitosha kutufanya tuachane na wazo la trela, maana pale tunapoishi hatuna nafasi ya kuegesha kitu kirefu.

Zipo za aina mbili. Moja paa lake huinuliwa mkifika, na sehemu ya juu ya kuta inakuwa turubai. Ni nyepesi, ni fupi barabarani, na upepo hauisumbui sana. Nyingine ni ngumu kuanzia sakafu hadi paa. Mke wangu alikuwa ameshaamua kabla yangu. "Baba Neema, mvua ya huku unaijua. Turubai litakauka lini?" Mwenyewe nikaongeza sababu ya pili. Tulitaka kwenda Yellowstone, na ndani ya hifadhi hiyo kuna kambi ya Fishing Bridge ambako hema na kampa zenye kuta za turubai haziruhusiwi kabisa, kwa sababu ya dubu aina ya grizzly. Lake Louise kule Kanada nako wenye mahema na turubai hulala ndani ya uzio wa umeme, na wenye kuta ngumu wana kambi yao. Sababu ya tatu ni ya dereva: mara nyingi ninamaliza kazi usiku. Nikiegesha saa sita usiku ninataka kufungua mlango na kulala, si kuanza kuinua paa kwenye mvua.

Basi nikaenda kwenye mlango wa pikapu. Ukifungua mlango wa dereva utaona kibandiko chenye rangi ya njano kinachohusu tairi na mzigo, na kinasema kwa kilo na kwa pauni uzito wa watu na mizigo usiopaswa kuzidishwa. Yangu ni Ford F-250 ya petroli yenye bodi ndefu ya futi 8, na kibandiko kinasema kilo 1,430. Usitumie tarakimu ya gari la jirani lenye jina hilohilo. Injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, 4x4 huongeza uzito, viti vya ngozi na paa la kioo huongeza pia, na vyote hivyo hukatwa kwenye mzigo. Unaweza kukuta F-250 mbili zimeegeshwa pamoja, moja inabeba mamia ya kilo zaidi ya mwenzake. Hata hicho kibandiko kinaeleza gari lilivyotoka kiwandani, kwa hiyo nilijaza tangi na kuipima tupu kwenye mizani ya CAT, ileile tunayotumia sisi wa malori kwenye vituo vya mafuta. Nilipoutoa uzito huo kwenye kikomo cha uzito wa gari zima, kilichobaki kilikuwa sawa na kilichoandikwa, tofauti ya pauni chache tu.

Kilo 1,430 zinaonekana nyingi mpaka uanze kutoa. Sisi watatu, mimi, Mama Neema na Neema mwenyewe, ni kilo 193. Vifungio vya chuma vya kushikilia kampa pamoja na zulia la mpira la kuizuia isiteleze nilivikadiria kilo 60. Zikabaki 1,177 kwa ajili ya kampa na kila kilichomo ndani yake.

Na hapa ndipo pana mtego. Uzito ulioandikwa kwenye kipeperushi cha kampa ni uzito mkavu: bila maji, bila gesi, mara nyingi bila betri, na pengine bila vile vitu vya ziada ambavyo karibu kila kampa huuzwa navyo, kama kiyoyozi na kitambaa cha kivuli cha nje. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 110 ni kilo 110. Mtungi wa gesi wa kawaida wa huku, ule wa pauni 20, ukijaa unafika kilo 17 pamoja na chuma chake, na kampa nyingi hubeba miwili. Kisha kuna sufuria, mablanketi, unga, viatu vya matope, vitabu vya mtoto. Nikaweka kilo 25 za betri na 140 za vitu vyetu. Jumla ya nyongeza ikawa 309. Maana yake kampa yenyewe, ikiwa kavu lakini ikiwa na vifaa vyake vyote, isizidi kilo 868. Nikaiandika hiyo namba kwenye simu na sikukubali kutazama ndani ya kampa yoyote kabla ya kusoma kibandiko chake.

Namba hiyo ilifuta zaidi ya nusu ya zilizokuwa zinauzwa. Kampa kubwa zenye ukuta unaosogea nje kuongeza nafasi hupita tani moja na nusu kirahisi. Hizo ni za pikapu kubwa kuliko yangu, zile ambazo huku huitwa "za tani moja" ingawa hubeba zaidi ya hapo, na nyingi zinataka zile zenye tairi pacha nyuma. Muuzaji mmoja alinionyesha moja nzuri sana, nikamwambia pikapu yangu haiwezi. Akajibu kwamba itabeba tu, niongeze mifuko ya hewa kwenye springi. Mifuko ya hewa inainua mkia wa gari usilale. Haibadilishi ekseli, haibadilishi rimu, haibadilishi breki. Kushuka Snoqualmie Pass, barabara ya milimani mashariki ya Seattle, kwenye mvua huku gari limezidiwa ni jambo ambalo singemfanyia mtoto wangu, na nikamwambia hivyo.

Baada ya uzito nikauliza uzito huo unaketi wapi. Kampa nyingi zina alama ubavuni inayoonyesha kitovu cha uzito wake. Alama hiyo inatakiwa iangukie mbele ya ekseli ya nyuma. Ikiangukia nyuma yake, kampa inanyanyua pua ya gari, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapungua nguvu. Kila aliyepakia lori vibaya anaijua hali hiyo. Nilipima kwa futi kamba kutoka ukuta wa mbele wa bodi hadi katikati ya ekseli, nikawa natembea na kipimo hicho. Mwenye bodi fupi awe mwangalifu zaidi hapo, kwa sababu kampa iliyotengenezewa futi 8 itaning'inia nyuma na kitovu chake kitasogea nayo.

Sehemu iliyonichukua muda kuliko zote ni kuta. Mpya bei yake hufika makumi ya maelfu ya dola, nasi tulikuwa tunatafuta iliyotumika, na katika jimbo linalonyesha kama hili kampa iliyotumika ni lazima uishuku maji. Zipo zilizojengwa kwa fremu ya mbao, zipo za fremu ya alumini, na zipo za faibaglasi zilizomwagwa kwenye kalibu: nusu ya chini na nusu ya juu, zikaunganishwa katikati. Northern Lite na Bigfoot, zote za British Columbia, hutengeneza hizi za faibaglasi. Ubora wake ni kwamba hazina viungo vingi vya kupitisha maji. Mshono mkuu ni ule mmoja wa kiunoni. Bado madirisha, matundu ya hewa ya paani na taa za pembeni hubaki kuwa milango ya maji.

Nilinunua kifaa kidogo cha kupima unyevu, kile chenye sindano mbili, kama wanachotumia maseremala. Kwenye kila kampa nilianzia mahali palepale: kitandani, pembe za mbele, chini ya godoro. Sehemu ile inayopita juu ya kabini ndiyo inayopigwa na mvua yote ukiwa mwendoni, na ikiwa ina dirisha la mbele, hatari inaongezeka. Kisha pembe za chini za nyuma, ndani ya makabati, kuzunguka tundu la paa, na chini ya sinki. Kampa moja ya fremu ya mbao, ya kupendeza, mapazia mapya, rangi mpya ndani, nilipoinua godoro na kubonyeza ukuta kwa kidole gumba uliingia ndani kama mkate uliolowa chai. Nje ya sehemu hiyo ukuta ulikuwa umevimba kidogo, kitu ambacho ungekiona tu ukisimama pembeni na kuutazama kwa mshazari jua likiwa chini. Rangi mpya ndani ya kampa ya zamani, kwangu, ni sababu ya kukagua mara mbili. Nilipanda pia paani kwa ngazi kila mahali niliporuhusiwa. Silikoni iliyopasuka kuzunguka tundu la hewa inaweza kuzibwa upya kwa mchana mmoja. Mbao iliyooza chini yake ni habari nyingine kabisa.

Tuliyoichagua ni ya faibaglasi, kibandiko chake kinasema kilo 820. Kabla ya kulipa, Mama Neema alikuwa na ukaguzi wake, na ulikuwa wa maana kama wangu. Alituingiza wote watatu, akafunga mlango, tukakaa. Akasimama jikoni kana kwamba anasonga ugali, kuona kama kiwiko kinagonga kabati. Akaweka sufuria yetu juu ya jiko la mafiga mawili. Akalala kitandani, akaketi, akaona kichwa kinagusa paa, akasema anaweza kuishi na hilo. Neema alilala kwenye meza iliyogeuzwa kitanda. Choo ni cha kaseti: tangi lake dogo linachomolewa kwa mlango wa nje na kubebwa kwa mkono hadi pa kumwagia. Mimi nilitaka kile cha tangi kubwa, lakini kaseti ni nyepesi na haikuhitaji mabomba marefu ambayo yangeganda wakati wa baridi, nikakubali kwamba ameona mbali. Alikagua pia kengele ya gesi na ya kaboni monoksidi, tarehe yake ya mwisho ilikuwa imepita, akamwambia mwenye mali apunguze bei ya kengele mpya. Akapunguza.

Kufunga kampa kwenye gari ni jambo la kutofanyiwa ubahili. Tangu 2017 bodi ya F-250 ni ya alumini, na sikutaka kampa ishikiliwe na bati la bodi. Nikachukua vifungio vinavyoshika chesisi yenyewe, vya Torklift, kampuni ya hapahapa Washington. Mlango wa nyuma wa bodi nikauvua, nao ukanirudishia kilo kadhaa. Tairi zangu zimeandikwa kila moja ina uwezo wa pauni 3,640 zikiwa na upepo wake kamili. Hilo nalo lisomwe ubavuni mwa tairi, maana aliyekuwa na gari kabla yako anaweza kuwa amebadilisha za kiwandani akaweka zenye uwezo mdogo zaidi.

Kisha tukajaza maji, gesi, chakula, nguo, tukapanda wote, tukaenda mizani. Ekseli ya mbele pauni 4,160, ya nyuma 5,680, jumla 9,840. Kikomo cha gari ni 10,000. Mbele palikuwa pameongezeka kidogo kuliko gari tupu, ndivyo inavyotakiwa, na nyuma palikuwa chini ya kikomo cha ekseli kilichoandikwa mlangoni. Pauni 160 zilizobaki tumezichukulia kama akiba isiyoguswa. Kuni tunanunua kambini. Tukienda kambi yenye bomba, tunasafiri na robo ya maji.

Barabarani unaihisi. Inayumba kidogo kwenye upepo wa pembeni, mafuta inakunywa zaidi, na sasa kimo chetu ni mita 3.3, nimekiandika kwa futi kwenye kioo cha mbele, kwa sababu matawi na mapaa ya vituo vya mafuta hayasamehe. Baada ya maili za kwanza nasimama na kukaza vifungio upya, kwa kuwa kampa hujipanga bodini. Kila vuli, kabla mvua hazijaanza, napanda paani na kukagua mishono.

Ndugu zangu wa Mbeya wameniuliza kama kitu hiki kinawezekana kwenye Hilux. Hilux hubeba takriban tani moja au pungufu, kutegemea aina, na humo mnahesabiwa ninyi, mafuta ya akiba na maji. Kampa ya kuta ngumu kama yetu, ikijazwa, ingeimaliza yote na kuzidi, tena kwenye barabara za vumbi. Wakitaka kuta ngumu, watafute fundi wa alumini awajengee ganda jepesi lenye kitanda na kabati tu, jiko libaki nje kwenye mlango wa nyuma, na kabla ya kumlipa waende kwanza kwenye mizani na gari tupu.