Angalia S2 kabla ya kuiamini Tmax

Ukitaka kujua haraka mwamba wa tope wenye kerojeni (mabaki ya viumbe yanayozaa mafuta yakipashwa joto) umepikwa na joto la ardhini kiasi gani, tumia Rock-Eval, mashine inayoichoma sampuli polepole na kupima kinachotoka. Saga sampuli, weka miligramu 70 hivi, ishikilie kwenye nyuzi 300 za Selsiasi kwa dakika 3 ili mafuta huru (S1) yatoke, kisha pandisha nyuzi 25 kila dakika. Kerojeni ikivunjika hutoa kilele cha S2, na hapo ndipo Tmax, yaani joto la kilele hicho, husomwa. Kwa kerojeni ya aina ya II (hasa ya planktoni wa baharini), nyuzi 435 hivi ni mwanzo wa mafuta kuzalika.

Lakini tazama umbo la S2 kwanza! S2 ikiwa chini ya miligramu 0.2 kwa gramu ya mwamba, kilele huwa bapa na Tmax haifai kitu. Tope la kuchorongea lenye mafuta huishusha Tmax. Osha sampuli kwa kiyeyushi, upime tena.

Kanuni iliyotokana na mwamba wa Barnett, Texas, ya kukadiria Ro (mng'ao wa vitrinaiti, yaani chembe za mabaki ya miti) kutoka Tmax, Ro = 0.018 × Tmax − 7.16, haifai kerojeni ya aina ya I (hasa ya mwani wa ziwani). Afadhali upime mng'ao huo kwa hadubini, ukiziacha chembe zilizosombwa kutoka miamba mikongwe, maana hizo hukuza Ro. Miamba ya kabla ya Devoni (kipindi kilichoanza miaka milioni 419 hivi iliyopita) haina vitrinaiti halisi. Humo pima mng'ao wa lami ngumu au wa graptolaiti (visukuku vya wanyama wadogo wa baharini).