Siku moja maishani mwangu: zamu ya mtazama mawingu, Mwanza

Saa 12 asubuhi. Nimeshapokea zamu kwenye kituo cha hali ya hewa, karibu na uwanja wa ndege. Kule ziwani, magharibi, radi bado zinawaka. Ziwa Victoria huchemka usiku: pepo za nchi kavu hutoka kila upande zikakutana juu ya maji ya vuguvugu, hewa ikapanda, wingu likavimba, wavuvi wa dagaa wakakimbilia mwaloni. Ngurumo siisikii, kwa hiyo kwenye taarifa naandika msimbo 13: umeme unaonekana, ngurumo haisikiki.

Kinachonichekesha ni saa yenyewe. Kwa saa ya Greenwich, ile saa ya pamoja ya dunia, sasa ni saa 9 usiku, wakati ambapo umeme wa kimyakimya ulioenea angani duniani kote, si radi, huwa dhaifu kuliko saa nyingine zote. Ziwa letu linawaka, dunia imepoa.

Saa 3. Kipimamvua, vipimajoto, fomu. Hakuna cha kusimulia.

Saa 4. Chai na chapati. Binti aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo ananibana: "Kaka, radi si inapiga chini? Huko juu inafanya nini?"

Chapati ikapoa. Radi kubwa, hasa inayoteremsha chaji chanya ardhini, huacha mvutano wa ghafla wa umeme juu ya wingu. Kilomita 50 hadi 90 kutoka ardhini, kwenye hewa nyembamba mno, naitrojeni hung'aa nyekundu kufumba na kufumbua. Marubani walisimulia mianga hiyo miaka mingi bila kuaminiwa, mpaka 1989 watafiti wa Minnesota, Marekani, walipoinasa kwa kamera bila kukusudia. Mpigo wa redio wa radi nao hugonga sehemu ya chini ya ayonosfia, tabaka la juu la hewa linalopitisha umeme, ukawasha pete ya mwanga yenye upana wa mamia ya kilomita, inayozimika kabla ya milisekunde moja.

Mimi naona hayo ni mapambo. Kazi kubwa hufanywa kimyakimya: kila wingu la radi husukuma juu mkondo wa wastani wa ampea moja hivi. Ya dunia yote yakijumlishwa yanafika ampea kama 1,000, na kati ya ayonosfia na ardhi kunakuwa na tofauti ya volti zipatazo 250,000. Charles Wilson, Mskoti, ndiye aliyetoa wazo hilo miaka ya 1920. Umeme huo hurudi ardhini palipo na anga jeupe, ukipita hata juu ya meza yetu ya chai, volti 100 hivi kwa kila mita.

"Mbona hautupigi?"

Hewa haipitishi umeme kirahisi. Kinachopenya ni kidogo mno.

Saa 9 alasiri. Wingu refu kusini. Mnara wa kuongozea ndege wanapiga simu, wanapiga tena. Mchana huu ni zamu ya radi za Afrika, Congo ikiongoza.

Saa 12 jioni. Nakabidhi zamu.

Saa 4 usiku. Nyumbani, nyota tupu, radi hakuna. Namweleza mwanangu kwamba sasa ndipo umeme wa anga tulivu unafikia kilele, hapa na baharini kote, kwa sababu ni alasiri Amazon na mawingu ya kule yamepamba moto. Meli ya utafiti iitwayo Carnegie ilizunguka bahari ikipima, na kila ilipokuwa, kilele kilikuja saa hiyohiyo ya Greenwich. Ililipuka Apia, Samoa, mwaka 1929, ikijazwa petroli.

Mtoto anataka kujua kama Brazili wanatutumia bili. Nikamwambia akalale.