Usiku usio na giza, kilomita ya 405

Ni saa sita usiku nami naandika bila taa. Jua limeinama tu upande wa kaskazini, halizami, na hema zima limejaa mwanga wa rangi ya chungwa. Leo ni siku ya sita tangu nianze kupiga pedeli kwenye barabara ya Dempster, Yukon, kaskazini mwa Kanada. Jioni nimefika penye kibao cha Duara ya Aktiki, mstari wa kwenye ramani ambao kaskazini yake jua la kiangazi halizami.

Niandike habari za juzi kabla hazijapoa. Baada ya kuachana na Mto Ogilvie, barabara hupanda mlima uitwao Seven Mile Hill, kisha hufuata migongo ya vilima hadi Eagle Plains, kituo cha wasafiri kando ya barabara. Mvua ilinikuta huko juu. Barabara hii humwagiwa chumvi ya kalsiamu ili vumbi litulie. Ikinyeshewa, udongo hunata kama gundi. Madigadi ilijaa tope, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Nikawa nasukuma hatua ishirini, nasimama, nachokonoa tope kwa kigingi cha hema, nasukuma tena. Saa tatu kwa kilomita tisa. Nililia, tena kwa sauti.

Tope lilipoisha, mawe yakaanza. Kokoto za hapa zina makali. Tairi lilichanika ubavuni, ufa wa urefu wa kidole gumba, tyubu ikawa inachungulia nje. Nilikata kipande cha ganda la dawa ya meno, nikakipachika ndani, nikajaza upepo nusunusu. Mpaka sasa kinashika. Kila nikisimama napapasa pale kwanza.

Niliilaani sana changarawe hii hadi nilipoelewa kazi yake. Ardhi ya chini imeganda mwaka mzima. Ikipata joto, barafu itayeyuka na barabara itazama. Ndiyo maana wajenzi, walioanza mwaka 1959 na kuifungua barabara mwaka 1979, walirundika changarawe nene kama blanketi juu ya barafu. Leo nimeipita taratibu, kwa heshima.

Ila kinachoninyima usingizi ni askari polisi wanne wa zamani waliopita nchi hii. Desemba 1910, mkuu wao Fitzgerald na wenzake watatu waliondoka Fort McPherson, kijiji kilicho mbele yangu kwenye barabara hii, na mbwa wa kuvuta sleji, wakielekea mji wa Dawson upande wa kusini. Walipunguza chakula ili waende upesi. Wakapotea njia, wakageuza, wakala mbwa wao, na wote wakafa kabla ya kufika walikotoka. Koplo Dempster, ambaye barabara imepewa jina lake, ndiye aliyewakuta Machi 1911.

Nami nilipofunga mizigo nilitoa mfuko mzima wa chakula ili baiskeli iwe nyepesi. Niliuona uamuzi wa kijanja. Kutoka mwanzo wa barabara hadi Eagle Plains ni kilomita 369 bila duka hata moja, na siku ya tope ilinila muda wote niliokuwa nimeupigia hesabu. Niliingia pale na konzi moja ya karanga mfukoni. Wao walikuwa kwenye baridi ya Januari. Mimi nilikuwa na jua la saa ishirini na nne na barabara.

Upepo umetulia. Mbu wanagonga wavu kama manyunyu. Kwenda Fort McPherson ni kilomita 145 hivi, siku mbili, tatu upepo ukinipinga. Nina chakula cha siku tano. Nimekitoa chote mfukoni, nimekipanga juu ya godoro, na nimekihesabu mara mbili.